Trekta la Msitu wa Baba

Mama alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba hahami. Alisema baba alipofariki. Alisema tena upepo ulipong'oa bati za jikoni. Na mwaka juzi, moto ulipotoka shamba la juu ukaja kusimama kwenye mstari wa kwanza wa paini zetu, alisema akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso umejaa masizi, huku majirani wakiendelea kupiga matawi mabichi kwenye visiki vilivyokuwa bado vinafuka moshi.

"Mimi sihami. Mnisikie vizuri."

Tulimsikia vizuri, na wiki iliyofuata tukakaa kikao bila yeye.

Tulikuwa wawili sebuleni kwangu Makambako, mimi na mdogo wangu wa kiume mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo hapo mjini. Ndugu zetu wengine walikuwa kwenye simu, wanakatika na kurudi. Shauri lilikwisha mapema. Msitu wa baba uuzwe ukiwa umesimama, mnunuzi aje na misumeno yake, na mama aje akae kwangu. Nina chumba, nina maji ndani, hospitali haiko mbali. Kila kilichosemwa kilikuwa cha kweli, na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa mpaka nilipokumbuka ni nani atatumwa kwenda kumwambia. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kwetu habari ngumu hupelekwa na wa kwanza.

Ndipo nikajisikia nikisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata dakika moja.

"Nipeni mpaka kiangazi kijacho. Nitanunua trekta dogo."

Mdogo wangu alinigeukia. "Dada, wewe baiskeli tu ilikushinda."

Alicheka, lakini walikubali. Sharti likawa moja tu: kiangazi kikifika na barabara ya moto iko safi kuuzunguka msitu wote, mama anabaki. Isipokuwa safi, miti inauzwa na mama anahama.

Msitu wenyewe si mkubwa. Ni ekari chache upande wa Mdandu: juu, karibu na nyumba, kuna paini, chini yake milingoti, yaani mikaratusi, na bondeni kabisa kuna vinyungu, zile bustani za kiangazi, ambavyo siku hizi analima jirani. Barabara ya moto ni ukanda wa ardhi tupu unaouzunguka, ambao kila mwenye miti huku lazima aufyeke na kuukwangua kabla nyasi hazijakauka. Zamani mama alikuwa anaalika watu. Alipika makande, akatoa togwa ndoo nne, kwa sababu sisi ni Walutheri wa ile aina ambayo ulanzi hautolewi hadharani, na kufika saa nane mchana kazi ilikuwa imekwisha na watu wanacheka uani. Wale watu sasa ni wazee kama yeye. Wenye nguvu wako mijini. Vibarua wanaokuja kwa malipo hufyeka ile sehemu inayoonekana kutoka njiani, na huko chini wanaiachia sala.

Nimefundisha hisabati shule za sekondari mpaka nikastaafu. Mtu wa namna hiyo hanunui kitu bila jedwali. Nilichukua daftari jipya, nikachora safu: uzito, upana, kimo, nguvu ya injini, matairi, upatikanaji wa vipuri. Nikampelekea fundi mmoja wa matrekta ambaye tunaimba naye kwaya. Alivaa miwani, akalisoma lile jedwali kwa heshima zote, kisha akaweka kidole kwenye safu ya nguvu ya injini.

"Hii ifute, Mwalimu."

"Nifute nguvu ya injini?"

"Wewe huendi kulima mbuga. Unaingia katikati ya miti. Anza na upana. Halafu kimo, maana matawi hayana adabu. Halafu uzito, kwa sababu ya mteremko. Nguvu yoyote itakayobaki hapo utashukuru."

Tulizunguka naye yadi za Makambako, kuanzia njia panda ya Songea hadi karibu na reli. Matrekta madogo mengi yalikuwa yametumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na bado yana vibandiko vya maandishi ambayo hakuna aliyeweza kunisomea. Wauzaji walizungumza na fundi. Mmoja alimwambia, "Mzee, mama atalipenda hili, angalia lilivyo safi." Niliuliza uzito wake. Akamjibu fundi. Niliuliza tena, safari hii kwa ile sauti niliyokuwa natumia darasani wakati wa mtihani, akageuka, akanitajia uzito, na akaniongezea shikamoo aliyokuwa ameisahau.

Tulianza na pawatila, ile mashine ya magurudumu mawili unayoishika mikono ukitembea nyuma yake. Ingepita popote, lakini fundi alikataa katakata: kwenye mteremko, tela ikiwa na magogo, pawatila ndiyo inayokuendesha wewe. Kisha tukaona trekta moja dogo kweli kweli, jembamba, la kupita hata kwenye geti la watembea kwa miguu. Nililipenda, lakini fundi aliinama akaangalia chini yake na kusema lingebeba kuni za kupikia tu, likiambiwa livute gogo litakaa chini lilie. La tatu lilikuwa na nguvu lakini lilikuwa na chuma kirefu juu ya kiti, na nikaliona tayari limenasa kwenye matawi ya paini na mimi niko ndani yake. La nne ndilo lililobaki moyoni. Lilikuwa fupi, rangi imefifia, magurudumu yote manne yanavuta, upana wake ni mita moja na robo, na mashine ya kufyekea iliyofungwa nyuma inazidi hapo kidogo.

Mama alikuja mjini kliniki siku moja, nikampitisha alione. Alizunguka mara mbili, kisha akaweka kiganja juu ya tairi la nyuma kama anavyogusa ubavu wa ng'ombe wa kununua. Akamwuliza muuzaji, "Hili likikwama, huwa linakwama wapi?"

"Halikwami, bibi."

Mama akanigeukia. "Huyu hajawahi kufanya kazi."

Kabla ya kutoa uamuzi nilikwenda kupima msitu. Hapa lazima nieleze watu wa kwetu walivyokuwa wanapanda miti. Hakuna aliyevuta kamba. Mtu alihesabu hatua tatu, akachimba shimo, hatua tatu nyingine, akachimba. Ukivuna paini unapanda mche mpya pembeni mwa kisiki cha zamani, na mlingoti wenyewe huchipua tena juu ya kisiki chake, kwa hiyo miti hubadilika lakini mistari inabaki pale pale ilipowekwa siku ya kwanza. Baba alikuwa mrefu, na hatua zake tulizijua maana utoto wetu wote tulikuwa tunakimbia nyuma yake. Nilichukua futi ya kupimia, nikapima nafasi kumi za mwanzo hapo karibu na nyumba. Zote zilikaribia mita mbili na nusu. Nikaandika wastani, nikafunga daftari, nikanywa chai ya mama kwa raha. Trekta lingepita na nafasi ingebaki.

Mwanafunzi wangu angepima pembe moja ya shamba na kuliandikia shamba zima, ningempa sifuri na kumwita mbele awaeleze wenzake.

Nilitanguliza sehemu ya fedha za kiinua mgongo kwa makubaliano kwamba tutalijaribu wiki mbili, na likinishinda nalirudisha. Lilifika juu ya Fuso mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu na baridi ya kukata masikio. Fundi alinifundisha kuliendesha siku tatu kwenye uwanja wa shule ya msingi. Injini ilinizimikia mara nyingi sana, na walimu walitoka ofisini na vikombe vyao kuja kutazama. Siku ya nne nikaliingiza kwenye paini. Lilipita kati ya mistari vizuri kabisa, mashine ya nyuma inapiga magugu, harufu ya majani mabichi na dizeli, na mimi nimekaa juu yake na koti la marehemu baba. Sitadanganya, nilijivuna. Nilimpungia mkono mama aliyekuwa amesimama mlangoni.

Barabara ya moto ya chini haifikiki kwa pembeni, maana upande mmoja kuna korongo na mwingine ni shamba la watu. Lazima upite ndani, kwenye milingoti. Basi nikavuka kutoka kwenye paini, nikaingia kwenye mstari wa kwanza wa milingoti, na hatua chache mbele trekta likasimama kwa mshindo. Mashine ya nyuma ilikuwa imebanwa kati ya miti miwili, magome yamechubuka kulia na kushoto.

Fundi alinisaidia kulirudisha nyuma. Nilitoa futi. Kutoka mti hadi mti haikufika mita moja na nusu, na ukitoa unene wa shina na machipukizi yaliyotanda pembeni, nafasi ilikuwa ndogo kuliko trekta. Nikapima mstari wa pili, ulikuwa hivyo hivyo. Niliteremka zaidi, nikakuta nafasi zinazidi kupungua kadiri ninavyokwenda chini, kama mtu aliyekuwa anachoka. Hasira ilinipanda. Niliona kiangazi kinakuja, mdogo wangu anakuja na mnunuzi, na mimi nikibeba habari kwa mama. Nikamkasirikia baba, ambaye hayupo.

"Alikuwa na haraka gani huku?" nilisema kwa sauti kubwa. "Mtu aliyetufundisha kunyoosha mstari!"

Mama alikuwa amekuja na fimbo yake mpaka pale paini zinapoishia. Alisimama hapo juu akitutazama, hakushuka.

"Huko hakupanda baba yako," alisema.

Nilipanda hadi pale alipo. Fundi, ambaye ni mtu mwenye akili, alijifanya anakagua bolti.

"Alipanda nani?"

"Mimi. Mwaka ule baba yako alikuwa Lupembe, kwenye mashamba ya chai. Miche ilikuwa imeshaletwa, iko kwenye vikopo hapo uani, inaanza kukauka, na mvua zinaisha. Ningemngoja mpaka lini?"

"Ulipanda yote hii peke yako?"

"Na wewe. Ulikuwa mgongoni, mzito, unalia. Vikopo nimebeba kichwani." Akaonyesha na fimbo. "Alikuwa amenionyesha, hatua tatu, shimo. Nikahesabu hatua tatu. Ulitaka nihesabu hatua za nani?"

Milingoti ile ndiyo iliyolipa ada yangu ya sekondari, na ya chuo, na ya wadogo zangu walionifuata, na maisha yetu yote tulisema baba alikata miti akatusomesha. Hata kwenye kile kikao tulisema msitu wa baba, mara kumi, mara ishirini, tukipanga kuuza. Niliona aibu, aibu ya kweli ya kuwasha masikio, na mama hata hakuwa analalamika. Alikuwa anaeleza tu kwa nini trekta limekwama.

Tulipokaa kunywa chai mchana ule nilitangaza uamuzi wangu. Nilisema trekta linarudi Makambako. Nitatafuta lile jembamba, au pawatila, au nitafyeka kwa mikono yangu, lakini kisiki chake hata kimoja hakitaguswa. Nilidhani atafurahi. Alinitazama kama niliyeweka chumvi kwenye chai yake.

"Na kiangazi kikifika?"

"Tutatafuta watu."

"Watu gani? Niambie jina la mmoja."

Nilishika kikombe changu.

"Sikia, mwanangu. Usiniwekee hatua zangu kama picha ya ukutani. Ile ni miti. Niliipanda ikatwe. Imekatwa, imechipua, imekatwa tena, na nyie mmesoma. Toa mstari mmoja katikati, ng'oa visiki vyake, trekta lako lipite likafyeke huko chini."

"Itakuuma, mama."

"Itaniuma nikiwa Makambako."

Niliweka kikombe chini. "Nani alikwambia habari za Makambako?"

"Mdogo wako wa Songea hajui kunyamaza. Alinipigia siku ile ile." Akanywa chai yake taratibu. "Nikasema ngoja nione. Kama mkubwa wao atakuja kuniambia nihame, nitajua yamekwisha. Badala yake umekuja kunipimia miti na futi. Basi nikakuacha upime."

Alikuwa amejua miezi yote ile. Alikuwa amejua alipoweka kiganja kwenye tairi pale yadi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilichofanya ni kumwongezea sukari ambayo hakuiomba.

Mstari wa kutoa aliuchagua mwenyewe, akiwa amesimama juu, ananielekeza na fimbo mpaka fundi akaweka alama ya chokaa kwenye mti wa mwisho. Watu wa msumeno walimaliza mapema; visiki ndivyo vilivyotutesa. Kisiki cha mlingoti wa umri wangu kina mizizi ya ukaidi, na mingine tulichimba siku nzima na mnyororo ukakatika. Kila kimoja kilipong'oka nilikitazama kidogo kabla ya kukisukuma pembeni. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa saba unaisha nilipitisha trekta chini, nikafyeka barabara ya moto yote, na yaliyobaki nikakwangua kwa jembe. Mdogo wangu alikuja kukagua. Alitembea mzunguko mzima na viatu vyake vya mjini, akarudi akitoa miba kwenye suruali.

"Barabara ni safi," alisema. "Nimekubali, haiuzwi. Ila dada, moto ni kitu kimoja. Bado yuko peke yake huku."

Nilimjibu kwamba amezoea. Nilisema hivyo kwa uhakika mkubwa.

Kesho yake mama aliomba nimpeleke chini akaone kazi. Nilifunga tela ya kuazima, nikatandika godoro dogo na blanketi, fundi akambeba kama mtoto akamkalisha, na yeye akashika pembeni kwa mikono yote miwili na kuniambia nisijaribu kuonyesha ufundi. Nilikwenda kwa gia ya kwanza. Tulipita paini, tukaingia kwenye njia mpya katikati ya milingoti yake, majani yanamgusa mabega. Kila nilipogeuka alikuwa anatazama huku na huku, mdomo umefunguka kidogo. Tulipofika mwisho, pale msitu unapoachia na vinyungu vinaonekana bondeni, vya kijani, na maji yanapita, aligonga ubao wa tela.

"Zima hiyo."

Nilizima.

"Miaka mitatu sijafika huku," alisema.

Sikuelewa. "Miaka mitatu?"

"Kushuka naweza. Kupanda ndiyo magoti hayataki. Siku ya mwisho nilipanda kwa kutambaa, nikafika nyumbani jua limezama. Ndiyo maana vinyungu nikampa jirani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mngenihamisha."

Alisema bila uchungu wowote, huku macho yake yako bondeni. Miaka mitatu nilikuwa nakuja kila mwezi na sukari na sabuni, nakaa saa mbili, nauliza dawa, nauliza kuku, ananisindikiza mpaka getini, na sikuwahi kujua kwamba nusu ya shamba lake ameipoteza. Tulikaa kikao kuamua habari zake na hakuna hata mmoja wetu aliyejua anafika wapi na hafiki wapi. Trekta nililipima upana, kimo na uzito. Mama sikuwa nimempima chochote. Iliniuma, na bado inaniuma.

Niliteremka, nikasogea mpaka mahali penye mtandao, nikampigia mdogo wangu.

"Limekwama tena?" aliuliza.

"Halijakwama. Nitafutie mpangaji wa nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Yangu."

Alianza kusema kitu kuhusu maji ya bomba, nikakata. Nilirudi kwenye tela nikamwambia mama kwamba nahamia kwake, mwisho wa mwezi, na vitu vyangu vyote. Hakunishukuru, wala hakujifanya kushangaa. Alivuta blanketi magotini akaniambia kwamba chumba cha nyuma bati linavuja juu ya kitanda, kwa hiyo nianze na hapo.